Madoa Yanayofanana, Magonjwa Yasiyofanana: Utambuzi na Tiba ya Magonjwa ya Kurithi ya Konea

Mwaka 1890 daktari wa macho Arthur Groenouw wa mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa katika Ujerumani na leo unaitwa Wrocław nchini Poland, alitangaza habari za wagonjwa wawili waliokuwa na madoa madogo katika konea, yaani ule utando mgumu upitishao mwanga ulio mbele kabisa ya jicho. Aliwaeleza wagonjwa hao pamoja, chini ya jina moja, kwa sababu alichokiona katika macho yao kilifanana. Miaka ilipopita ilidhihirika kwamba wagonjwa wale hawakuwa na ugonjwa mmoja. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake, wenye chanzo chake na njia yake ya kurithiwa.

Kosa hilo halikutokana na uzembe. Groenouw alitazama kwa makini na kuandika alichokiona. Lakini vyombo vya wakati wake havikutosha, na kanuni za urithi zilikuwa bado hazijaenea. Kazi ya Gregor Mendel juu ya njegere, ingawa ilikwisha kuchapishwa mwaka 1866, haikupewa uzito wake hadi mwaka 1900. Sisi wa leo tunavyo vyombo, na kanuni za Mendel hufundishwa katika shule zetu za sekondari. Hata hivyo, kosa la kudhani kwamba vinavyofanana ni kitu kimoja lingali likitendeka, na anayelipa gharama yake ni mgonjwa: hutiwa dawa isiyomfaa, hupasuliwa pasipostahili, au mama yake hulaumiwa kwa jambo asilolitenda. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi magonjwa hayo yanavyotenganishwa, na kwa nini hapana budi utambuzi utangulie tiba.

KONEA NA SIRI YA KUPITISHA MWANGA

Konea ya mtu mzima ina upana wa milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Ingawa ni nyembamba hivyo, ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga ili ukutane juu ya retina, nyuma ya jicho. Sehemu iliyobaki hufanywa na lenzi.

Katika mafundisho ya kawaida konea huelezwa kuwa na tabaka tano. La nje ni epithelio, tabaka la seli ambazo huchakaa na kuzaliwa upya wakati wote. La katikati, liitwalo stroma, ndilo nene kuliko yote. Huchukua kama sehemu tisa katika kumi za unene wa konea. La ndani kabisa ni safu moja tu ya seli, ambazo kazi yake ni kupiga maji nje ya stroma kama pampu isiyopumzika. Baina ya tabaka hizo tatu kuna tabaka mbili nyembamba zinazozitenganisha.

Kwa nini konea hupitisha mwanga, hali ngozi ya mkono, ambayo nayo imejengwa kwa protini ya kolajeni, haipitishi? Mwalimu anaweza kulianza jibu kwa karatasi ya kufungia maandazi. Karatasi ikiwa kavu haionyeshi kilicho nyuma yake, kwa kuwa mwanga hutawanyika kila unapotoka katika nyuzi za karatasi na kuingia katika hewa iliyo baina ya nyuzi hizo. Karatasi ikilowa mafuta, mafuta hujaza nafasi za hewa. Uwezo wa mafuta wa kupinda mwanga unakaribiana na ule wa nyuzi za karatasi, kwa hiyo mwanga hautawanyiki sana, na mahali palipolowa huonyesha hata maandishi yaliyo chini yake.

Konea hutumia njia iliyo bora zaidi. Nyuzi zake za kolajeni ni nyembamba mno, zina unene uliolingana, na zimepangwa kwa nafasi zinazolingana, hata mwanga unaotawanywa na uzi mmoja hufutwa na ule unaotawanywa na nyuzi jirani. Aidha, konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata kutoka hewani kwa njia ya machozi. Mpangilio huu ukivurugwa, au kitu kigeni kikijikusanya baina ya nyuzi, mwanga hutawanyika na mtu huona kama atazamaye kupitia dirisha lenye ukungu.

DISTROFIA YA KONEA NI NINI?

Kundi la magonjwa tunalolizungumzia huitwa distrofia za konea. Ni magonjwa ya kurithi ambayo ndani yake konea yenyewe, bila ya kujeruhiwa wala kuingiwa na vijidudu, hukusanya vitu visivyostahili kuwamo au hupoteza seli zake muhimu. Yako mengi. Katika somo hili tutachagua matatu yanayoshambulia stroma, kwa kuwa ndiyo yanayofundisha vizuri zaidi kanuni za urithi.

La kwanza tutaliita ugonjwa wa punje. Katika konea huonekana chembe nyeupe mfano wa makombo ya mkate, zilizokusanyika katikati, na baina ya chembe moja na nyingine konea hubaki safi. Chembe hizi hazifiki ukingoni mwa konea. Huanza utotoni, lakini kwa sababu nafasi za baina ni safi, wagonjwa wengi huendelea kuona vizuri kwa miaka mingi, na huanza kusumbuka hasa wapitapo umri wa makamo.

La pili tutaliita ugonjwa wa ukungu. Hapa pia kuna madoa, lakini kingo zake hazikukatika wazi, na konea iliyo baina yake imejaa utusitusi unaoenea hadi ukingoni. Konea yenyewe huwa nyembamba kuliko kawaida. Ugonjwa huu ni mkali zaidi: mara nyingi mgonjwa hupungukiwa sana na nuru ya macho afikapo umri wa miaka ishirini au thelathini hivi.

La tatu tutaliita ugonjwa wa wavu. Mwaka uleule wa 1890, Hugo Biber wa Zurich, nchini Uswisi, aliueleza katika tasnifu yake. Ndani ya konea huonekana mistari myembamba inayopishana kama nyuzi za wavu. Wagonjwa wake husumbuliwa sana na maumivu, kwa sababu epithelio haishikamani barabara na tabaka lililo chini yake, hivyo hubanduka mara kwa mara, hasa mtu afumbuapo macho asubuhi.

Wagonjwa wawili wa Groenouw, mmoja alikuwa na ugonjwa wa punje na mwingine ugonjwa wa ukungu. Aliyeyapambanua waziwazi magonjwa haya yote matatu, kwa sura na kwa urithi, alikuwa Max Bücklers, Mjerumani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1938. Ilipita takriban nusu karne kabla ya kosa la kwanza kusahihishwa kikamilifu.

HATUA ZA UTAMBUZI

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza mgonjwa. Katika nchi zetu makovu mengi ya konea hayatokani na urithi. Hutokana na vidonda vya jicho, majeraha, trakoma, surua inayompata mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Kwa hiyo daktari huuliza: Je, jicho liliwahi kuumia? Lilikuwa jekundu na kutoa usaha? Doa lilitokea ghafla au polepole? Katika distrofia, macho yote mawili huathirika kwa namna inayolingana, ugonjwa huendelea polepole, na kwa kawaida hakuna mishipa ya damu inayoingia katika konea. Ni kweli kwamba surua pia yaweza kuacha makovu katika macho yote mawili. Ndiyo maana historia ya mgonjwa haitoshi peke yake.

Hatua ya pili ni kuuliza habari za ukoo. Swali la "Nani mwingine katika jamaa yenu haoni vizuri?" halina gharama, wala halihitaji umeme, na pengine hufunua mengi kuliko chombo. Inafaa kuuliza habari za wazazi, ndugu, babu na bibi wa pande zote mbili, na kama wazazi wana udugu wa damu. Majibu huchorwa katika mti wa ukoo, kama wanafunzi wachoravyo katika somo la biolojia.

Hatua ya tatu ni kulitazama jicho kwa taa ya mwanya. Hiki ni chombo chenye darubini na taa itoayo mwali mwembamba kama ukurasa wa kitabu uliosimamishwa wima. Mwali huo ukipita katika konea kwa upande, huonyesha konea kana kwamba imekatwa kwa kisu, na mtazamaji huweza kujua doa liko katika tabaka gani na kama nafasi iliyo baina ya madoa ni safi au la. Chombo hiki kilionyeshwa kwa mara ya kwanza na Allvar Gullstrand, Mswidi, mwaka 1911, mwaka uleule aliopata Tuzo ya Nobel. Groenouw hakuwa nacho mwaka 1890.

Hatua ya nne ni ya maabara. Kipande cha konea kilichoondolewa wakati wa upasuaji huweza kutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mwaka 1961 Jones na Zimmerman, nchini Marekani, walionyesha kwamba magonjwa haya matatu hujitenga kwa rangi. Vitu vilivyojikusanya katika ugonjwa wa punje huwa vyekundu kwa rangi ya Masson. Vya ugonjwa wa ukungu huwa vya buluu kwa rangi ya Alsia. Na vya ugonjwa wa wavu hushika rangi nyekundu ya Kongo. Siku hizi kuna njia nyingine isiyohitaji kipande cha konea: kupima jeni kwa kutumia damu au seli zilizopanguswa ndani ya shavu.

MITI MIWILI YA UKOO

Tuchukue sasa familia mbili za kubuni, kwa ajili ya somo.

Katika familia ya kwanza, babu alikuwa na madoa ya konea. Watoto wake wanne, wawili wanayo. Na mjukuu mmoja, mtoto wa mmoja wa wagonjwa hao, anayo pia. Ugonjwa umepita vizazi vitatu bila ya kuruka, kwa wanaume na kwa wanawake. Huu ndio mwenendo wa jeni tawala, yaani jeni ambayo nakala yake moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuleta ugonjwa. Kila mtoto wa mgonjwa mwenye nakala moja ana nafasi 1 katika 2 ya kurithi. Ugonjwa wa punje na ugonjwa wa wavu hurithiwa kwa njia hii.

Katika familia ya pili, baba na mama wote wanaona vizuri, na hakuna anayekumbuka mtu mwenye madoa katika ukoo wao. Lakini kati ya watoto wao watano, wawili wameanza kuona ukungu. Huu ni mwenendo wa jeni fichwa, ambayo huleta ugonjwa pale tu mtoto anapopata nakala mbili zenye kasoro, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja hana dalili yoyote. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mtoto wao ana nafasi 1 katika 4 ya kuugua. Ugonjwa wa ukungu hurithiwa hivi.

Hapa sayansi ina neno la kusema katika nyumba zetu. Watoto wawili wa mama mmoja wakianza kupofuka bila ya sababu inayoonekana, mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama, au kwa jirani anayedhaniwa kuwa mchawi. Mti wa ukoo unakataa madai yote mawili. Mtoto mwenye jeni fichwa mbili amepata moja kwa kila mzazi. Baba ametoa sawasawa na mama, na hakuna hata mmoja aliyejua wala aliyechagua.

Jambo la ndoa za binamu nalo linahitaji kuelezwa kwa hesabu badala ya lawama. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika jamii fulani mtu 1 katika 200 ana nakala moja ya jeni fichwa ya ugonjwa wa ukungu. Kijana mwenye nakala hiyo akioa mwanamke asiye na udugu naye, uwezekano wa kila mtoto wao kuugua ni 1/200 mara 1/4, yaani 1 katika 800. Akimwoa binamu yake wa kwanza, uwezekano wa binamu huyo kuwa na nakala ileile ni 1 katika 8. Kwa hiyo uwezekano wa kila mtoto wao kuugua ni 1/8 mara 1/4, yaani 1 katika 32. Hatari imeongezeka mara 25. Hata hivyo, watoto 31 katika 32 hawatapata ugonjwa huo. Familia ambayo tayari ina mgonjwa inastahili kuijua hesabu hii kabla ya kuamua. Uamuzi wenyewe ni wao.

HERUFI MOJA KATIKA JENI

Kwa muda mrefu ugonjwa wa punje na ugonjwa wa wavu ulidhaniwa kuwa na vyanzo viwili vilivyo mbali. Mwaka 1997 Francis Munier na wenzake, wa Lausanne nchini Uswisi, walitangaza jambo la kustaajabisha: magonjwa hayo hutokana na jeni moja, iliyo katika kromosomu ya 5. Jeni hiyo huelekeza utengenezaji wa protini yenye asidi amino 683, ambayo katika konea hutengenezwa hasa na seli za epithelio.

Kama wanafunzi wajuavyo, kila asidi amino huandikwa katika DNA kwa herufi tatu. Mahali pa 555 katika protini hii pana asidi amino iitwayo arginini, nayo huandikwa CGG. Herufi C ya kwanza ikibadilika kuwa T, neno huwa TGG, na mahali pa arginini huingia triptofani. Matokeo yake ni ugonjwa wa punje. Mahali pa 124 pana arginini nyingine, iliyoandikwa CGC. Ikiwa TGC, huingia sisteini, na matokeo yake ni ugonjwa wa wavu. Ikiwa CAC, huingia histidini, na matokeo yake ni ugonjwa wa nne, ambao tutaueleza hivi punde. Protini iliyobadilika haikunjuki wala haiondolewi kama ipasavyo. Hujikusanya kidogo kidogo katika konea mwaka hata mwaka.

Ugonjwa wa ukungu una chanzo tofauti kabisa. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba jeni yake iko katika kromosomu ya 16, na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachotia salfati katika sukari ndefu zilizo baina ya nyuzi za kolajeni. Salfati ikikosekana, sukari hizo hukusanyika na mpangilio wa nyuzi huvurugika. Hivyo wagonjwa wawili wa Groenouw, waliowekwa chini ya jina moja, wametenganishwa hadi katika kromosomu zao.

TIBA

Hadi leo hakuna dawa ya matone wala ya vidonge iwezayo kuyayeyusha madoa haya. Ni vema jambo hili lijulikane, kwa maana mgonjwa asiyeambiwa hutangatanga kutoka duka hadi duka. Matone yenye steroidi, yanayonunuliwa bila ya ushauri wa daktari, hayaondoi madoa ya urithi. Yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kuongeza shinikizo la jicho na kuharibu mshipa wa fahamu wa kuonea, ambao haurudi tena.

Tiba hutegemea ugonjwa wenyewe na kina cha madoa. Mgonjwa ambaye epithelio yake hubanduka hupewa matone ya kulainisha jicho mchana, marhamu usiku, na pengine lenzi laini ya kufunika jicho hadi lipone. Ikiwa madoa yako karibu na uso wa konea, kama ilivyo mara nyingi katika ugonjwa wa punje, daktari huweza kukwangua kwa leza ya eksima, ambayo huondoa tishu kwa kipimo cha sehemu za elfu za milimita. Madoa huweza kurudi, lakini pengine kazi hiyo yaweza kurudiwa.

Katika ugonjwa wa ukungu, ambao hushika konea kwa kina na hadi ukingoni, kukwangua hakutoshi. Hapo hubaki kupandikiza konea iliyotolewa na mtu aliyefariki. Upasuaji wa kupandikiza konea uliofaulu kwa mara ya kwanza ulifanywa na Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika Jamhuri ya Czech. Mgonjwa wake alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Baadaye, katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa alieneza matumizi ya konea za watu waliokwisha kufariki. Siku hizi, ikiwa safu ya ndani ya seli bado ni nzima, daktari huweza kubadilisha tabaka za mbele peke yake na kumwachia mgonjwa safu yake mwenyewe, na hivyo kupunguza hatari ya mwili kuikataa konea ngeni.

Lakini kupandikiza si mwisho wa mambo. Mgonjwa huhitaji matone na kuangaliwa kwa muda mrefu, na jicho likiwa jekundu, likiuma au likipungua nuru, yampasa arudi kwa daktari upesi. Aidha, katika ugonjwa wa punje na wa wavu madoa huweza kutokea tena ndani ya konea mpya. Sababu yake sasa ni wazi: seli za epithelio za mgonjwa mwenyewe huifunika konea ile, nazo huendelea kutengeneza protini yenye kasoro. Daktari amebadilisha kioo, lakini hakubadilisha jeni.

Zaidi ya hayo, konea za kupandikiza ni haba. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila watu 70 wanaohitaji konea, inapatikana 1 tu. Mahali penye uhaba wa namna hiyo, kumpasua mtu ambaye angalisaidiwa kwa leza ni kumnyima mwingine asiye na njia nyingine.

TIBA INAYODHURU

Tumesema kwamba kuna ugonjwa wa nne, utokanao na histidini mahali pa 124. Ulielezwa mwaka 1988 katika familia zilizokuwa na asili ya Avellino, nchini Italia, na kwa muda ukaitwa kwa jina la mahali hapo. Baadaye ulionekana katika nchi nyingi, hasa Japani na Korea Kusini. Katika konea huwamo punje pamoja na mistari. Mwenye nakala moja ya jeni hiyo huweza kuwa na chembe chache tu, tena asijijue kuwa mgonjwa; mwenye nakala mbili hupata ugonjwa mkali tangu utotoni.

Katika miaka ya 1990 ilienea duniani njia ya kusahihisha macho kwa leza ili watu waache kuvaa miwani. Daktari hukata kipande chembamba cha konea, hukifunua kama jalada la kitabu, huchonga stroma kwa leza, kisha hukirudisha. Kwa macho yasiyo na kasoro nyingine, njia hiyo imewafaa wengi. Lakini tangu mwaka 2002 madaktari walianza kuandika habari za watu wenye ugonjwa huu wa nne ambao, baada ya upasuaji huo, konea zao zilijaa madoa mengi mahali pale pale palipokatwa. Kidonda cha konea kilichochea protini yenye kasoro ijikusanye upesi. Mtu aliyeingia akiwa anasoma vizuri kwa miwani alijikuta, baada ya muda, haoni vizuri hata kwa miwani.

Leza ni ileile iliyotajwa hapo juu kama tiba. Kwa mgonjwa mmoja huondoa madoa. Kwa mwingine, ikitumiwa kwa njia nyingine, huyaongeza. Kinachotofautisha ni utambuzi uliofanywa, au usiofanywa, kabla ya kuanza. Kwa sababu hiyo, huko Korea Kusini na Japani kuna vituo vinavyopima jeni kwa seli za shavuni kabla ya upasuaji wa kuondoa miwani. Pasipo na kipimo hicho, bado kuna taa ya mwanya na lile swali lisilo na gharama juu ya ukoo.

KAZI YA MWALIMU

Mwalimu hatibu macho, lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kuona. Mwanafunzi anayesogea mbele hata akagusa ubao, anayekinga macho kwa mkono aonapo jua, au ambaye miwani haikumsaidia, asihesabiwe kuwa mvivu. Apelekwe kwenye kituo cha macho, na wazazi waombwe waeleze habari za ukoo bila ya aibu. Ikiwa ndugu zake wako katika shule hiyohiyo, nao watazamwe. Wakati wa kungoja, akae mbele, mbali na mng'ao wa dirisha, na maandishi ya ubaoni yawe makubwa. Wala asitiwe machoni majani, maji ya miti au kitu kingine chochote: konea yenye madoa ya urithi, ikiongezewa kovu la dawa isiyojulikana, huwa na magonjwa mawili mahali pa moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini madoa ya ugonjwa wa punje hayampunguzii mtu nuru upesi kama ugonjwa wa ukungu.

2. Wazazi wawili wenye nakala moja moja ya jeni fichwa wana watoto wanne. Je, kuna uwezekano gani kwamba wote wanne hawataugua? Jibu lako linatufundisha nini juu ya kuutegemea mti wa familia ndogo?

3. Msichana ana ugonjwa wa ukungu. Dada yake haugui, tena amepita umri wa ugonjwa kuonekana. Kuna uwezekano gani kwamba dada huyo ana nakala moja ya jeni hiyo?

4. Kwa nini ugonjwa wa punje huweza kurudi katika konea iliyopandikizwa?

Majibu ya hesabu: Swali la 2: 3/4 mara yenyewe mara nne, yaani 81/256, karibu theluthi moja, kwa hiyo familia ndogo yaweza kubeba jeni bila ya mgonjwa hata mmoja. Swali la 3: 2/3, kwa kuwa kati ya aina nne za watoto wanaowezekana, ile ya mgonjwa tumekwisha kuiondoa, na katika tatu zilizobaki mbili zina nakala moja.